Nesi wa Masikio Anajibu: Kimeo, Mende na Mwiba wa Mwatiko

Miaka 31 nimekaa katika chumba cha masikio, pua na koo cha hospitali ya mkoa, mpaka nilipostaafu. Chumba chenyewe kidogo: kiti cha mgonjwa kinachozunguka, tochi ya kufunga kichwani, mashine ya kunyonya usaha inayonguruma kama friji bovu, na kibakuli cha chuma cha kuwekea tunachokitoa. Kibakuli hicho ndicho kilichonifundisha kazi. Nimeona humo maharage yaliyoanza kuota, shanga, chaki, vichwa vya njiti za kiberiti, na mara moja jino la bandia ambalo mwenyewe alikuwa amelitafuta nyumba nzima. Barua za mwezi huu zimenirudisha kwenye kibakuli.

*

Shikamoo Bi Nesi. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Hii ni wiki ya tatu anakohoa, usiku zaidi, hadi anatapika. Mama mkwe amemfunua mdomo akasema kimeo kimerefuka, kinagusa ulimi. Ameshamwita fundi, anakuja Jumamosi. Mume wangu anasema mama amelea watoto saba, anajua anachofanya. Je, hospitali nao wanakata kimeo? Niwaombe wao?
*Mama wa mtoto mmoja, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinifikia Jumatano, na mhariri alikupigia siku ileile kukwambia usikubali. Najibu tena hapa kwa sababu ni ya nne ya namna hii tangu mwaka uanze, na hao wengine watatu hawakuandika namba.

Kimeo, ambacho vitabuni kinaitwa kidakatonge, ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Kina kazi. Ukimeza, kinapanda pamoja na kaakaa laini na kuziba njia ya pua, ndiyo maana uji hautokei puani. Pia kinatoa mate mepesi ya kulowesha koo. Kila mtu anacho, cha mtoto na cha mzee, kirefu na kifupi, kama pua zetu zilivyo.

Sasa alichokiona mama mkwe wako hakukosea kukiona. Mtoto anayekohoa wiki tatu koo lake limevimba, na kimeo kimevimba pamoja nalo, kimeshuka, kimekuwa chekundu. Lakini kimevimba kwa sababu mtoto anakohoa. Hakohoi kwa sababu kimevimba. Fundi anakata moshi, moto anauacha ukiwaka chini.

Utaniuliza: mbona waliokatwa wanapona? Hesabu siku. Kikohozi cha mafua ya kawaida kwa mtoto mdogo hukaa wiki mbili, hata tatu, halafu kinakwisha chenyewe. Wiki ya kwanza nyumba inatoa asali na limau. Wiki ya pili dawa ya dukani. Fundi anaitwa wiki ya tatu, ndiyo wiki ambayo kikohozi kilikuwa kimeshafunga mizigo. Anakata, siku tatu baadaye mtoto kimya, na sifa inakwenda kwa kisu. Wale ambao kikohozi chao kilikuwa nimonia, pumu au kifua kikuu hawaponi. Hao ndio tuliowapokea sisi, wakiwa na kidonda cha koo juu ya ugonjwa ule ule.

Kisu chenyewe huwa kimepindwa ncha kama mundu mdogo. Hakuna ganzi. Mtoto anashikwa kichwa, mikono, miguu. Koo lina mishipa ya damu mingi, na mtoto wa kilo tisa hana damu nyingi ya kumwaga. Nimepokea watoto weupe kama karatasi kwa kupungukiwa damu, wenye usaha shingoni, wenye pepopunda. Kisu kilichotoka kinywa cha mtoto wa jirani kinaweza kubeba virusi vya ukimwi na vya homa ya ini bila kuonyesha alama. Na fundi akikata zaidi ya kimeo akala na kaakaa, mtoto atazungumza kwa puani maisha yake yote, na maji yatampandia puani.

Nitasema jambo ambalo kwenye chumba kile sikulisema kwa mtu. Mwaka 1989 mimi nilikuwa zamu ya usiku, nikiwahudumia watoto wa wenzangu, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akampeleka mwanangu wa kwanza kwa fundi. Nilirudi asubuhi nikakuta kanga imeloa damu. Tulimkimbiza, akawekewa damu, akaishi. Leo ana watoto wake. Lakini kwa miaka mingi sikuweza kukaa meza moja na yule mama, na nilikosea, kwa sababu alimpenda mjukuu wake kuliko macho yake. Alifanya alilofanyiwa mume wangu, na mume wangu alipona.

Kwa hiyo usimwambie mama mkwe kwamba ni mshamba. Mwambie: mama, umeona vizuri, koo la mtoto limevimba, twende wewe ukamweleze daktari. Ambebe mjukuu yeye mwenyewe. Wakifika, daktari atamwonyesha kile kimeo kwa tochi na kumweleza. Nimeona mabibi wakitoka pale wakiwa walimu wa kijiji kizima.

Nyumbani, fanya hivi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue kifua, tazama saa, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Ukiona mbavu za chini zinaingia ndani akivuta pumzi, au anashindwa kunyonya, usihesabu tena, nenda usiku huohuo. Hata kama hana hayo, kikohozi kilichozidi wiki mbili lazima kichunguzwe kifua kikuu. Taja kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa.

Ulichouliza mwishoni: ndiyo, daktari bingwa anaweza kukata kimeo, kwa nadra, kama kina uvimbe wake chenyewe, na mara nyingine kwa mtu mzima anayekoroma hadi pumzi kukatika. Hufanywa chumba cha upasuaji, kwa dawa ya usingizi. Kwa kikohozi cha mtoto, hapana. Na fundi huyohuyo akikushauri siku nyingine meno ya plastiki yang'olewe, mjibu vilevile. Ufizi uliovimba wa mtoto una meno ya kawaida yanayokuja.

*

Salaam aleikum Bi Nesi. Kijana wangu ana miaka tisa. Sikio la kulia linatoa usaha tangu ana miaka miwili. Kiangazi linakauka, mvua zikija linaanza. Tumeweka mafuta ya nazi ya vuguvugu, maji ya majani, na matone ya dukani mara tatu. Sasa mwalimu ameniandikia kuwa kijana ni mkaidi, akiitwa haitiki. Kila jioni yuko baharini na wenzake. Si ni ugonjwa wa utoto tu, utaisha akikua?
*Baba wa watoto wanne, Pangani*

Waaleikum salaam. Nianze na mwalimu. Kijana si mkaidi, hasikii vizuri. Mwombe amkalishe dawati la mbele, sikio la kushoto limwelekee yeye. Hilo halina gharama na linaanza kesho.

Kutoka nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaokwenda hadi ndani ya sikio, kupeleka hewa. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama. Kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala karibu sawasawa na sakafu, kwa hiyo kamasi za mafua zinautembelea kama nyumba isiyo na mlango. Usaha unajaa nyuma ya kiwambo cha sikio, mtoto analia usiku kucha, kisha kiwambo kinapasuka, usaha unatoka, maumivu yanakoma. Wazazi wanamshukuru Mungu: limepona! Hapo ndipo ugonjwa ulipokaa. Mara nyingi tundu huziba lenyewe. La kijana wako halikuziba, na kwa miaka saba maji ya kisima, ya mvua na ya bahari yamekuwa yakiingia moja kwa moja hadi mahali ambapo maji hayakukusudiwa kufika.

Kwa hiyo litaisha akikua? Kwa lililokaa miaka saba, usingoje.

Kwanza kausha. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachofyonza, au karatasi laini iliyo imara, kisokote kiwe na ncha. Ingiza taratibu mpaka kiloe, kitoe, tupa, weka kingine, hadi kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku, zaidi kama usaha ni mwingi. Wala usiache pamba humo ikikaa kama kizibo, maana usaha unataka kutoka. Hii kazi inachosha, najua, mama watoto atachoka kabla ya wiki ya pili, saidianeni. Dawa ikidondoshwa juu ya usaha inaelea tu, haifiki. Ndiyo maana matone yenu ya dukani yalishindwa mara tatu.

Kuhusu matone hayo, nenda na kichupa chake kliniki. Yapo matone yenye jentamaisini na ndugu zake, ambayo yakipita kwenye tundu la kiwambo na kufika sikio la ndani yanaweza kuua usikivu wenyewe, na huo haurudi. Ya siprofloksasini ndiyo tunayoyapendelea kwa sikio lenye tundu, lakini yaandikwe na aliyeliangalia sikio, si na muuza duka. Ukishakausha, mlaze kwa ubavu, dondosha, kisha bonyeza-bonyeza kile kigegedu kidogo kilicho mbele ya tundu ili dawa isukumwe ndani. Mafuta ya nazi yarudi jikoni.

Bahari ndiyo ngumu. Kumkataza mtoto wa Pangani kuogelea ni kama kumkataza samaki. Hata hivyo, mpaka sikio likauke na kuonwa, asizamie. Akioga nyumbani, weka pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, uitoe akimaliza.

Kliniki watalinyonya sikio, kelele itamshtua, mshike mkono. Watampima usikivu kwenye kibanda kisichoingia sauti. Likishakaa kavu kwa miezi kadhaa, daktari bingwa anaweza kuziba tundu kwa kipande cha utando kinachochukuliwa juu ya sikio lake mwenyewe. Chukua barua ya rufaa kutoka kituo cha afya kabla ya kwenda, hasa kama una bima. Wengi wanarudishwa dirishani kwa kukosa karatasi hiyo moja, na nauli imekwisha.

Usingoje siku ya kliniki kama utaona uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, au kichwa kinauma pamoja na homa na kutapika, au kizunguzungu, au uso umepinda upande mmoja. Usaha wa sikio unapakana na ubongo kwa ukuta wa mfupa mwembamba. Nao usaha unaonuka vibaya bila kukoma hata kwa dawa, uutaje kwa daktari waziwazi. Huenda kuna ngozi iliyoota ndani inayokula mfupa, na hiyo dawa yake ni upasuaji.

*

Shikamoo mama. Mimi mlinzi wa usiku. Mende aliniingia sikioni nikiwa nimesinzia. Mwenzangu akanichokonoa kwa njiti ya kiberiti, mende akazidi kwenda ndani, nikaona nyota. Hospitali walimtoa vipandevipande na sikio likavuja damu. Ningefanyaje?
*Mlinzi, Tanga mjini*

Marahaba. Pole, baba. Na umenichekesha kidogo, nisamehe, kwa sababu nimemtoa huyo mende mara zisizohesabika. Mende akiingia kwenye tundu la sikio hawezi kugeuka, na hana gia ya kurudi nyuma. Ukimgusa mgongoni anakwenda mbele, na mbele ni kiwambo chako.

Muue kwanza. Lala kwa ubavu, sikio lenye mgeni juu, mwenzako adondoshe mafuta ya kula yasiyo ya moto, sikio lijae, mtulie dakika chache. Makelele yakikoma, nenda hospitali akatolewe mzima. Isipokuwa kama sikio lako lina tundu au hutoa usaha: hapo usitie kitu, nenda hivyo hivyo na kelele zako.

Mafuta hayo ni ya mdudu peke yake. Harage au punje ya mahindi ikitiwa maji inavimba na kukwama zaidi. Na kuna kitu kimoja ambacho wazazi wasingoje nacho hata kupambazuke: betri ndogo ya duara, ile ya saa na vidude vya kuchezea. Iwe sikioni, puani au imemezwa, inaunguza nyama, na madhara huweza kuanza ndani ya saa mbili. Hakuna kudondosha chochote. Mtoto ambaye kamasi zinamtoka tundu moja tu la pua, tena zinanuka, ana kitu humo mpaka daktari athibitishe kwamba hana.

*

Bi Nesi, juzijuzi nilikwamwa na mwiba wa mwatiko. Shangazi akanipa matonge matatu makubwa ya ugali nimeze bila kutafuna. Uliondoka, lakini siku ya nne sasa nikimeza bado unanichoma. Ni mwiba au ni kidonda?
*Mpenda samaki, Mkinga*

Kwa mwatiko sikushangai, samaki yule ana miiba kama amemeza pakiti ya sindano. Nakushangaa kwa siku nne. Mwiba ukishatoka, mkwaruzo wake unauma siku moja mbili na maumivu yanapungua kila siku. Ya kwako hayapungui, kwa hiyo nenda leo.

Miiba mingi hunasa juu tu, kwenye tonsesi au shina la ulimi. Daktari anakuvuta ulimi kwa shashi, anawasha tochi, anauona, anauchomoa kwa kibano, na unarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Tonge la ugali linauchukua mwiba huo uliokuwa unaonekana na kuupigilia ndani, au kuushusha kwenye umio, ambako anahitajika daktari bingwa, dawa ya usingizi na bomba refu. Picha ya eksirei ikitoka safi isikutulize, miiba mingine haionekani. Ukianza kutema mate kwa kushindwa kuyameza, kupata homa, kuvimba shingo au kuumwa kifua, hiyo ni dharura. Shangazi nisalimie. Mwambie ugali ni wa kula na samaki.

*

Toleo lililopita uliandika tusitie vijiti vya pamba masikioni. Mimi natumia kila siku miaka ishirini na sijawahi kuugua. Nta itokeje? Au mnataka tuwaletee hela hospitali?
*Msomaji asiyekubali, Korogwe*

Hela hizo hazikuwa zinakuja kwangu, ndugu yangu, ningekuwa na nyumba ya ghorofa.

Ngozi ya ndani ya sikio inakua kuelekea nje, polepole, ikibeba nta kama mkanda wa mashine. Wewe unasimama mlangoni kila asubuhi na kuirudisha ndani. Kijiti kinatoka na rangi kidogo unafurahi, kumbe sehemu kubwa umeishindilia. Futa kwa kitambaa pale kidole kinapofika, basi. Likiziba kweli, matone ya kulainisha nta kwa siku chache, kisha kliniki walioshe, ila uwaambie kama liliwahi kutoboka. Halafu jiulize hilo jambo la kila siku: sikio linalowasha kila siku mara nyingi linawashwa na kijiti chenyewe.

*

*Kwa mama wa Handeni* ambaye mwanawe hutoka damu puani kila kaskazi: asilaze kichwa nyuma, damu itaingia tumboni na ataitapika. Akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua, si mfupa, dakika kumi mfululizo bila kuachia kuchungulia, apumue kwa mdomo. Kucha zikatwe. Mafuta ya mgando kidogo ndani ya pua usiku. Ikipita nusu saa haijakata, hospitali.

*

Assalaam aleikum. Mimi ni muadhini, umri wangu miaka 58. Mwezi wa tatu huu sauti imekuwa ya kukwaruza, alfajiri haipandi kabisa. Nakunywa tangawizi na asali, najifukiza, nanong'ona badala ya kusema ili koo lipumzike. Maumivu sina. Sigara niliacha mwaka jana baada ya kuvuta miaka thelathini. Niongeze nini kwenye tangawizi?
*Muadhini, Tanga*

Waaleikum salaam, Shehe wangu. Kuacha sigara umefanya jambo kubwa, na kukosa maumivu ndiko kunakonisumbua, kwa sababu ndiko kulikokukalisha nyumbani miezi mitatu.

Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu inatazamwa. Wiki tatu, kwa mtu yeyote. Kwa mwenye miaka 58 aliyevuta sigara miaka thelathini, wiki hii. Utapuliziwa ganzi puani, upitishwe mrija mwembamba wenye kamera hadi kwenye nyuzi za sauti, utaambiwa useme "iii", na daktari ataziona zikicheza. Ni dakika chache. Wengi wenye kazi ya sauti, waadhini, walimu, wapiga debe, hukutwa na vinundu vya kuchoka kwa sauti au asidi ya tumboni inayopanda, mambo ya kutibika. Lakini saratani ya nyuzi za sauti nayo huanza hivi hivi, kwa kukwaruza bila maumivu, na kwa sababu inabadili sauti mapema, ni miongoni mwa saratani zinazoweza kukamatwa zikiwa ndogo na kupona. Wale niliowaona wakichelewa walikuja wakiwa na uvimbe shingoni na pumzi zinazopiga filimbi. Wote walikuwa wamekunywa tangawizi.

Acha kunong'ona, kunazikaza nyuzi kuliko kusema kwa sauti ya chini. Adhana mwachie kijana kwa sasa. Maji kwa wingi. Jumatatu asubuhi pita kituo cha afya uchukue barua ya rufaa, na wakikwambia nafasi ya kliniki ni mwezi ujao, waambie hivi: sauti, miezi mitatu, sigara miaka thelathini. Yarudie maneno hayo mpaka wakupe ya karibu. Tangawizi waweza kuendelea nayo, ukiwa umeibeba kwenye chupa ya chai, foleni ni ndefu.